Safari za ndege zinapofutwa, uwanja wa ndege unapoteza nini?

Safari ya ndege ikifutwa, tunamhurumia abiria aliyekwama na kulilaumu shirika la ndege. Uwanja wenyewe ni nadra kutajwa, ingawa nao hupoteza fedha kwa namna yake.

Uwanja una mapato ya aina mbili. Ya kwanza hutokana na ndege: ada ya kutua, ambayo hukokotolewa kwa uzito wa ndege, ada ya maegesho, na ada ya huduma kwa abiria iliyomo ndani ya nauli. Tukichukua ada ya dola 40 kwa kila anayesafiri nje ya nchi, ndege ya watu 150 isiporuka ni dola 6,000 ambazo hazikuingia. Aina ya pili ni biashara: pango la maduka na migahawa, maegesho ya magari, matangazo ukutani. Maduka mengi hulipa pango kwa asilimia ya mauzo, kwa hiyo duka likikosa wateja, uwanja nao unakosa.

Jambo la kuangalia kwanza ni kama fedha imechelewa au imepotea. Abiria akiondoka kesho, ada yake italipwa kesho. Akirudishiwa nauli akabaki nyumbani, imekwenda. Aprili 2010, majivu ya volkano ya Iceland yalifunga sehemu kubwa ya anga ya Ulaya kwa siku kadhaa. Abiria wengi waliokwama Nairobi walisafiri baadaye. Maua ya Kenya hayakuweza kusubiri. Yalitupwa tani kwa tani, na mzigo huo haukurudi tena uwanjani.

Tazama Gatwick, Uingereza. Desemba 2018, siku chache kabla ya Krismasi, taarifa za droni karibu na njia ya kurukia zilisimamisha uwanja. Safari kama 1,000 zilivurugika na abiria wapatao 140,000 waliathirika. Uwanja ulisema tukio hilo liliugharimu pauni milioni 1.4. Shirika la easyJet peke yake lilitaja pauni milioni 15. Tofauti hiyo inaeleweka: kwa sheria za huko, shirika la ndege ndilo linalowajibika kumlisha na kumlaza abiria aliyekwama.

Kwa hiyo siku mbili za kufungwa uwanja mkubwa huzimudu. Kinachouumiza ni muda. Uwanja wa Heathrow, London, ulihudumia abiria milioni 80.9 mwaka 2019. Mwaka 2020, korona ilipotanda, walikuwa milioni 22.1, na uwanja ukapata hasara ya pauni bilioni 2 kabla ya kodi. Uwanja ulifunga hata jengo la abiria namba 4, lakini gharama nyingi za uwanja hazipungui kwa kadiri abiria wanavyopungua. Mikopo ya ujenzi hulipwa vilevile, walinzi wanalipwa, taa za njia ya kurukia zinawaka hata kwa ndege moja.

Nadhani viwanja vidogo ndivyo vinavyostahili kufikiriwa zaidi. Kiwanja kinachopokea ndege mbili kwa siku, moja ikifutwa, karibu nusu ya mapato ya siku imekwenda. Na gari la zimamoto bado linatakiwa kuwa tayari, likiwa na maji, povu na watu wake.