Shati la pauni 9.15: tunayodanganyana kuhusu mtihani wa Kiingereza wa madogo wa China

Kila mwezi wa sita picha zinarudi zile zile, wazazi wa Kichina wamejazana nje ya geti la shule siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, mama kavaa qipao (gauni la Kichina) jekundu la kuleta bahati, dogo anatoka mbio anapokelewa na maua, na chini yake makomenti ya Waswahili nayo ni yale yale: "hawa jamaa ung'eng'e hawajui, wanakariri tu". Mi nimesoma kule, Jinhua mkoa wa Zhejiang, washkaji wangu wengi wa chuo walikuwa wametoka kuufanya huo mtihani juzi tu, na kuna siku niliomba pepa nikajipima mwenyewe nikiwa na kiburi cha mtu aliyesoma sekondari nzima kwa Kiingereza. Tutafika huko.

Kwanza tujue tunaongelea nini. Gaokao ndo mtihani wa kuingia chuo kikuu China, ulisimama kipindi cha Mapinduzi ya Utamaduni ukarudi 1977, siku hizi unafanyika kuanzia tarehe 7 mwezi wa sita, na mwaka 2024 walijiandikisha watu milioni 13.42. Kiingereza kina maksi 150 kati ya 750, sawasawa na Kichina na hesabu. Pepa ya kitaifa ni masaa mawili: kusikiliza maksi 30, kusoma 50, matumizi ya lugha 30, kuandika 40. Yaani kusikiliza na kusoma peke yake ni 80, zaidi ya nusu, na hapo ndo uongo mwingi unapozaliwa.

Uongo wa kwanza, "Wachina hawapimwi kusikiliza, wao ni kuandika tu". Sio kweli, tena sisi ndo tusingeongea kabisa. Kidato cha nne Tanzania pepa ya English Language ni maandishi mwanzo mwisho, hakuna anayekuwekea sauti, na Kenya kwenye KCSE kuna maswali ya stadi za kuongea ila nayo unayajibu kwa kalamu, kimya kimya, kitu ambacho mpaka leo kinanichekesha. Mchina anakaa na maswali 20 ya kusikiliza, maksi moja na nusu kila swali, karibu dakika 20 za sauti ikitoka kwenye spika za darasani. Wanaichukulia siriasi kiasi kwamba mtihani ukianza saa tisa mchana, saa nane na dakika 45 geti la Kiingereza limefungwa, wakati masomo mengine ukichelewa kidogo bado unaingia. Jirani na shule wanaojenga wanasimamisha kazi na madereva wanaambiwa wasipige honi. Halafu kabla ya maswali kuna mfano, shati bei gani, chaguo ni pauni 19.15, pauni 9.18 na pauni 9.15, jibu ni pauni 9.15, na huo mfano umerudiwa mwaka baada ya mwaka mpaka umekuwa utani wa nchi nzima, ukimtajia Mchina yeyote aliyemaliza sekondari "How much is the shirt?" ataumalizia mwenyewe bila kuombwa.

Sasa huu wa pili ndo nataka nikae nao, maana hata walimu wanauamini: "sehemu ya kusikiliza inapima masikio". Inapima masikio kidogo sana aisee. Angalia inavyofanya kazi. Maongezi matano ya mwanzo ni mafupi, mtu wa kwanza anasema kitu, wa pili anajibu, imeisha, inasikika mara moja tu, na una sekunde 10 za kujibu na kusoma swali linalofuata. Baada ya hapo kuna vipande vitano virefu vyenye maswali 15, hivyo vinarudiwa mara mbili, unapewa sekunde tano kwa kila swali kulisoma kabla na sekunde tano za kulijibu baadae. Na maswali pamoja na A, B, C zake yameandikwa, kwa Kiingereza. Kwa hiyo dogo asiyesoma haraka anakuwa bado anahangaika na chaguo B wakati sauti ishapita, na atarudi nyumbani aseme "sikusikia" kumbe alisikia vizuri tu, alichelewa kusoma. Washkaji zangu wote walikuwa na staili moja, ule muda spika inasoma maelekezo na ule mfano wa shati wao hawasikilizi, wanapitisha macho kwenye maswali wanapiga mistari chini ya maneno ya maana. Hilo ni zoezi la kusoma hilo, tena la kusoma kwa mbio.

Na kingine, jibu mara nyingi halitamkwi. Mfano wangu wa kutunga: dada anasema treni inaondoka saa tatu na robo, kaka anamwambia usipaniki zimebaki dakika ishirini, swali linauliza saa hizi ni saa ngapi. Aliyesikia "saa tatu na robo" ataikuta imekaa kwenye chaguo A inamsubiri, na hajakosea kusikia, kakosea hesabu, ni saa tatu kasoro tano. Maswali mengine yanauliza hawa wawili wako wapi, au ni nani na nani, na hakuna aliyesema "tuko hotelini", inabidi uunganishe mwenyewe. Hapo unapimwa kumbukumbu, akili na maisha kwa ujumla, mtoto wa kijijini ambaye hajawahi kupanda ndege anasikiliza watu wakibishana kuhusu mizigo eapoti, yeye ana kazi mbili.

Masikio yenyewe yana sehemu yake ndio, na hapa Mchina na Mswahili ni ndugu. Silabi ya Kichina cha kawaida inaisha na irabu au sauti ya "n" na "ng", basi, ukiacha ile "r" ya watu wa Beijing. Yetu inaisha na irabu, ndo maana "shirt" ilipofika kwetu tukaipachika "i" mwishoni ikawa shati. Kwa hiyo ile "d" au "t" ndogo ya mwisho ambayo kwenye Kiingereza inabeba wakati uliopita, masikio yetu sote yanairuka tu kama haipo. Hapo kukariri maneno hakusaidii, ni kusikiliza mara nyingi mpaka sikio lizoee, na shule nyingi kule sauti za mazoezi zinapigwa karibu kila siku.

"Si maswali ya kuchagua tu, unapiga ana ana do unatoboa." Haya tupige hesabu. Maswali 20 yenye chaguo tatu, ukibahatisha yote utaambulia kama maksi 10 kati ya 30. Kwenye kusoma kuna maswali 15 yenye chaguo nne, kila moja maksi 2.5, kwa ana ana do utapata kama 9 kati ya 37.5. Na huu sio mtihani wa kufaulu na kufeli kama tunavyouelewa sisi, ni mtihani wa kupanga foleni. Mkoa wa Henan peke yake mwaka 2024 walikuwa watahiniwa zaidi ya milioni 1.3, huko katikati ya foleni maksi moja inaweza kuwa na maelfu ya watu wamesimama juu yake. Kosa moja la kusikiliza, maksi moja na nusu, linakurudisha nyuma ya umati wa uwanja wa mpira. Ndo maana anayetunga hawezi kuweka maswali ambayo kila mtu anayapata, lazima yawepo ya kuwatenganisha walio juu kabisa, na lugha yenyewe wakati mwingine inageuka kisingizio tu cha kuwatenganisha.

Kuhusu kusoma, uongo wake ni huu: "kariri maneno 3500 umemaliza". Maneno yanasaidia, mtaala unataka kama 3000 hivi na vitabu vya mtaani vinauzwa kwa hiyo namba ya 3500, na kila mwanafunzi anacho kimoja kimechakaa. Lakini neno gumu lililo nje ya mtaala mara nyingi wanakuwekea tafsiri ya Kichina pembeni, kwa hiyo sio kwamba wanakutegea kwenye msamiati. Wanachotega ni kingine. Kuna matini nne zenye hayo maswali 15, ya kwanza ni rahisi, tangazo au ratiba, halafu zinapanda mpaka ya mwisho ambayo mara nyingi ni mambo ya sayansi au hoja, na zimetoholewa kwenye magazeti na majarida ya wenye lugha yao. Unaulizwa mwandishi anaonaje, aya ya pili imekaa pale kwa nini, kichwa kipi kinafaa. Alafu inakuja ile inayoitwa "saba chagua tano", matini ina mapengo matano na sentensi saba, mbili ni za kukupoteza, na ukipachika moja vibaya mara nyingi inaburuza nyingine, ni maksi tano zimeondoka hivi hivi unajiona. Unaweza kujua kila neno kwenye ukurasa na ukakosa.

Hapo ndo nilipoanguka mimi. Kusikiliza nilipata karibu yote, nikaanza kuringa. Kwenye kusoma nikakosa maswali manne, yote ya aina moja, lengo la mwandishi na kichwa cha habari, nilichagua kitu ambacho ni kweli kimesemwa kwenye matini ila sio ndo hoja yake. Mshkaji aliyenipa pepa, ambaye akiongea Kiingereza unaweza kudhani anatafuta funguo gizani, alikuwa amekosa moja.

Mengine niyapitie haraka. Pepa sio moja nchi nzima: Beijing, Shanghai na Tianjin wanatunga za kwao, Beijing tangu 2021 kusikiliza na kuongea ni maksi 50 kwenye kompyuta na unafanya mara mbili unabaki na iliyo bora, na Guangdong tangu 2011 dogo anavaa hedifoni anasikiliza stori anaisimulia upya kwa mdomo. Kwa hiyo "Mchina hapimwi kuongea" inategemea kazaliwa wapi. Sio lazima kiwe Kiingereza pia, kuna Kirusi, Kijapani, Kijerumani, Kifaransa na Kihispania, na wapo kibao waliokimbilia Kijapani kwa sababu kanji, zile herufi za Kichina zinazotumika kwenye Kijapani, tayari wanazijua. Na ile habari inayozunguka kila mwaka kwamba serikali imefuta Kiingereza, kinachotokea ni baadhi ya wajumbe kupendekeza kwenye vikao vya kitaifa vya bunge vya mwezi wa tatu, mapendekezo yanakataliwa, maksi 150 zinabaki pale pale.

Halafu kuna wanaoamini "mashine ndo inasahihisha, hakuna longolongo". Waulize watu wa Zhejiang. Kule Kiingereza kinafanywa mara mbili kwa mwaka, na ule wa mwezi wa 11 mwaka 2018 matokeo yalipotoka watu wakaona namba hazieleweki, kumbe wakubwa waliona pepa imekuwa ngumu kuliko ya nyuma wakaongezea maksi kwa kanuni yao kwenye kusoma na kwenye kuandika mwendelezo wa hadithi, bila kumwambia mtu mapema. Wazazi wakawaka, serikali ya mkoa ikachunguza, mwanzoni mwa mwezi wa 12 nyongeza ikafutwa na kila mtu akarudishiwa maksi zake halisi, viongozi wakawajibishwa. Mashine ilisoma majibu yaliyopakwa kwa penseli vizuri tu, tatizo lilianza baada ya hapo.

Huyo mshkaji wa kosa moja siku hizi anauza vifaa vya umeme kwa wateja wa Afrika Mashariki, tunapigiana simu. Mwanzoni wateja walikuwa wanamtumia voisi noti za Kiingereza chetu cha Kariakoo naye ananitumia mimi nimwandikie, kwa sababu ikiandikwa anaelewa yote mpaka utani. Juzi nimemuuliza kama bado anahitaji. Akasema voisi anazielewa sasa, isipokuwa zile za bei, hizo anasikiliza mara mbili.