Kiini cha seli nacho huvutwa: namna kani zinavyoamua seli iwe nini

Mtu akisimama ukingoni mwa hori la Tudor, hapa Mombasa, wakati maji yanajaa, kisha akarudi pale pale yakiwa yanakupwa, ataona mashua zilizotia nanga zimegeuka zote kuuelekea mkondo mpya, wala hakuna nahodha aliyezigusa. Ndani ya mishipa ya damu hutokea jambo linalokaribiana na hilo. Seli zilizotandikwa kwenye ukuta wa ndani wa mshipa hurefuka na kulala sambamba na mtiririko wa damu, isipokuwa kwenye mapindi na matagaa, ambako damu huzungukazunguka na seli hukosa mwelekeo. Ni katika matagaa hayo hayo ambapo mafuta yanayoziba mishipa hupenda kuanza kujikusanya.

Nimeanza na mishipa kwa sababu neno presha linajulikana katika kila nyumba hapa Mombasa, ilhali ni wachache walioelezwa kwamba seli yenyewe huhisi kusukumwa, kuvutwa na kubinywa. Tumezoea kufundisha kwamba seli hupokea habari kwa njia ya kemikali, yaani homoni, sukari, chumvi na dawa. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kani, na kani hizo hufika hadi kwenye kiini, mahali jeni zinapohifadhiwa.

Kiini cha seli ya binadamu kwa kawaida hakifiki upana wa sehemu moja ya mia ya milimita, na bado ndani yake zimekunjwa takriban mita 2 za DNA, uzi unaobeba jeni. Hakielei ovyo ndani ya seli. Kwenye ngozi ya seli kuna protini ziitwazo integrini, zinazoshika kitu kilicho nje. Kutoka hapo hutandazwa nyuzi za protini iitwayo aktini, na nyuzi hizo hufungwa kwenye utando wa kiini kwa protini nyingine, nesprini na SUN, ambazo nazo hukamata wavu wa protini ziitwazo lamini, ulio upande wa ndani wa utando huo. Aliyewahi kuona mlingoti wa jahazi ulivyoshikwa kwa kamba huku na huku ataelewa mara moja: ukiivuta kamba moja kule chini, mlingoti unajua. Mwaka 1997 kundi la Donald Ingber nchini Marekani lilivuta integrini kwenye uso wa seli hai, na kiini kilichokuwa mbali kikasogea na kubadili umbo.

Kiini kinapovutwa na kulazwa bapa, vitundu vya utando wake hutanuka, na protini zilizokuwa zikisubiri nje hupata njia ya kuingia. Mojawapo ni YAP, ambayo watafiti wa Padova, Italia, walionyesha mwaka 2011 kwamba huingia kiinini seli ikiwa juu ya kitu kigumu, na hubaki nje seli ikiwa juu ya kitu laini. Ikiingia, huamsha jeni za kukua na kugawanyika.

Jaribio ambalo wanafunzi wangu hulipenda kuliko yote ni la mwaka 2006, la Adam Engler na Dennis Discher wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Walichukua seli shina za uboho wa mifupa, yaani seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, wakaziweka juu ya jeli zilizotofautiana kwa ugumu peke yake. Muuza madafu hubofya na kugonga, akajua lipi dafu, lipi koroma na lipi limeshakuwa nazi. Seli hizo nazo zilifanya kazi hiyo hiyo, kila moja ikivuta jeli iliyo chini yake na kuona inakubali kiasi gani. Penye ulaini wa ubongo, usiozidi kilopaskali 1 (kilopaskali ni kipimo cha ugumu), zilianza kuchipua matawi kama seli za neva. Penye ugumu wa msuli, karibu kilopaskali 10, zilijinyoosha na kuanza kutengeneza protini za msuli. Penye kilopaskali 25 hadi 40, ugumu wa mfupa mchanga ambao bado haujashika madini, zilielekea kuwa seli za mfupa. Chakula chao kilikuwa kimoja. Nilipousoma utafiti huo kwa mara ya kwanza nilirudia kurasa zake mara kadhaa, kwa kuwa ulikwenda kinyume na niliyofundishwa.

Umbo nalo lina usemi. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba seli shina ikibanwa katika eneo dogo, ikabaki mviringo, huelekea kuwa seli ya mafuta, na ikipewa nafasi ya kujitandaza huelekea kuwa seli ya mfupa. Mgonjwa anayelala kitandani kwa wiki nyingi bila kubeba uzito wa mwili wake hupungukiwa na mfupa, na mafuta ndani ya uboho huongezeka. Ndiyo sababu wauguzi humhimiza ainuke mapema iwezekanavyo, hata kama ni hatua chache tu.

Wavu wa lamini una magonjwa yake. Mwaka 2003 iligunduliwa kwamba kasoro katika jeni ya lamini A, mojawapo ya aina za lamini, ndiyo chanzo cha projeria, ugonjwa adimu unaomzeesha mtoto kabla ya wakati. Viini vya seli zake huonekana chini ya hadubini vikiwa na manundu na mikunjo. Kasoro nyingine za jeni hiyo hiyo hudhoofisha misuli na moyo, viungo ambavyo havipumziki kuvutwa.

Tena kuna suala la kupenya. Mkokoteni katika vichochoro vya Mji wa Kale hupita pale tu shehena yake inapopita, na kwa seli inayosafiri mwilini shehena hiyo ni kiini, sehemu iliyo kubwa na ngumu kuliko nyingine. Baadhi ya chembe nyeupe za damu zina kiini chenye mapande na lamini A chache, kwa hiyo hupenya upesi. Seli ya saratani ikijilazimisha katika upenyo mwembamba, utando wa kiini chake unaweza kupasuka na DNA ikadhurika, kama makundi mawili, la Marekani na la Ufaransa, yalivyoonyesha mwaka 2016. Mara nyingi pasuko huzibwa baada ya muda mfupi, lakini jeraha la DNA laweza kubaki, na nionavyo mimi hapo ndipo pa kuogopwa zaidi.

Maarifa haya yametulazimu kuvitazama upya vyombo vyetu vya maabara. Sahani ya plastiki tunayokuzia seli ni ngumu kuliko ubongo kwa zaidi ya mara milioni moja, na seli shina zikikaa juu yake siku nyingi, YAP hubaki kiinini hata zinapohamishiwa mahali laini. Kwa hiyo anayekuza seli kwa ajili ya tiba hana budi kuandika, pamoja na chakula na joto alilozipa, ugumu wa mahali zilipolala na siku zilizokaa hapo.