Mbwa anayeng'ata: tunayoyaamini na anayoyaona daktari wa mifugo

Hapa Arusha mbwa wengi hufugwa kwa ulinzi: mchana yumo bandani, usiku anafunguliwa azunguke uwanja hadi alfajiri. Akimng'ata mtu wa nyumbani, au akibweka usiku kucha bila kunyamaza, husemwa kuwa ameharibika, na shauri linalofuata ni fimbo au kumwondoa. Daktari wa mifugo huitwa kwa chanjo na minyoo tu, kana kwamba tabia haimhusu.

Dhana hiyo ndiyo iliyozaa nyingine nyingi. Daktari akiletewa mbwa aliyebadilika tabia huanza na mwili, kwa kuwa maumivu ya meno, ya viungo au ya masikio huweza kumfanya mbwa mpole ang'ate. Mbwa wetu wa nyumbani, mtaa wa Sakina, alianza kumngurumia mtoto kila alipopapaswa kichwani, nasi tukamwadhibu wiki mbili nzima. Daktari alipolifunua sikio la kushoto, mlikuwa na uchafu wa kahawia ulioganda, unaonuka kama chachu. Lilisafishwa, likatiwa dawa ya matone, na ngurumo zikapungua hadi zikaisha. Makofi yote yale, naona haya kusema, tulikuwa tunampiga mgonjwa.

Hali moja haisubiri uchunguzi wa pole pole, nayo ni kichaa cha mbwa. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayetokwa na mate mengi, anayeshindwa kumeza au anayeng'ata ovyo asishikwe, na ofisi ya mifugo ijulishwe. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, maana dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

"Mbwa anataka ubosi, mwoneshe nani mkubwa." Wazo hili lilipata nguvu kutokana na maandishi ya mtafiti wa tabia za wanyama Rudolf Schenkel ya mwaka 1947 kuhusu mbwa mwitu wa nchi za baridi (si hawa wa Serengeti) waliofugwa pamoja katika bustani ya wanyama. Mwaka 1999 mtafiti David Mech alieleza kwamba porini kundi lao kwa kawaida ni familia, yaani wazazi na watoto wao, wala si uwanja wa kugombea cheo. Ubaya wa fimbo ni kwamba mbwa hujifunza kuacha kunguruma huku hofu ikibaki palepale, na safari nyingine huuma bila kuonya. Pilipili anayotiliwa kwenye ugali ili awe mkali nayo humuunguza tumbo tu. Haimfundishi kumtofautisha mwizi na mjomba aliyekuja kusalimia.

Kuhasi hupunguza kuzurura na kukojolea kuta. Hofu hakuiondoi.

Wengi hukataa dawa za tabia wakidhani kazi yake ni kumlewesha mbwa. Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007 kwa mbwa wanaohangaika wanapoachwa peke yao, si dawa ya usingizi: hutolewa kila siku, kwa kipimo cha uzito, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonesha matokeo, tena ikiambatana na mafunzo. Ajabu ni kwamba inayolegeza mwili kweli, esipromazini, ndiyo wengine huiomba kwa ajili ya fataki za mkesha wa Mwaka Mpya, ilhali mbwa aliyelegea bado anasikia mlio na bado anaogopa. Kinachosaidia ni kuanza miezi kabla: mlio wa fataki kwenye simu, sauti ikiwa chini sana, na kipande cha maini kila mlio unaposikika, kisha sauti ipandishwe kidogo kidogo siku zinavyokwenda.

Wapo pia wanaomfungia mtoto wa mbwa nyuma ya mabati asimwone mtu, ili awe mkali. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 ndipo anapozoea watu, sauti na wanyama wengine. Akikosa kipindi hicho, hukua akiogopa kila kitu, akiwemo anayemletea chakula. Ukimpeleka mbwa wa namna hiyo kwa daktari, nenda na video fupi ya tukio lenyewe, iliyopigwa kwa mbali bila kumchokoza, kwa sababu akifika juu ya meza ya chumba cha matibabu mara nyingi huganda kwa hofu na haoneshi chochote cha yale anayoyafanya nyumbani.