Dembeguina, 1935: kifaru kidogo cha L3 na watu waliokisoma

Tarehe 15 Desemba 1935, kwenye njia nyembamba ya mlimani iitwayo Dembeguina, kaskazini mwa Ethiopia, vifaru vya Italia, iliyokuwa imeivamia nchi hiyo, viliangamizwa na watu ambao wengi wao walikuwa na bunduki za kizamani na panga. Ukiisikia habari hii mitaani au darasani, mara nyingi inasimuliwa kama muujiza: mashujaa walijirusha juu ya chuma wakakishinda kwa ujasiri mtupu. Ujasiri ulikuwepo, tena mkubwa. Ila nimefundisha historia ya zana za vita kwa muda mrefu, na simulizi hilo linaniudhi, kwa sababu linawapunja wapiganaji wa Ethiopia waliokuwa chini ya kamanda wao, Ras Imru. Walishinda kwa kuwa waliiona kasoro ya mashine ile na wakaitumia. Ili tuwape haki yao, hatuna budi kuingia ndani ya kifaru chenyewe.

Chimbuko lake ni Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Sir John Carden na Vivian Loyd walibuni gari dogo la minyororo, la watu wawili na bunduki ya rashasha moja. Lilikuwa la bei nafuu, na majeshi mengi yalikuwa hayana fedha baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Poland, Muungano wa Kisovieti, Japani na Italia zote zilitengeneza magari yaliyofuata wazo hilo. Italia ilinunua machache mwaka 1929, kisha viwanda vya Fiat na Ansaldo vikatoa aina yao: CV-33, halafu CV-35. Baadaye majina yalibadilishwa yakawa L3/33 na L3/35, na mimi nitatumia L3 kwa zote. (Carden mwenyewe alifariki kwa ajali ya ndege huko Uingereza tarehe 10 Desemba 1935, siku tano kabla ya Dembeguina.)

L3 ilikuwa na uzito wa tani 3 na kitu. Urefu wake ulikuwa mita 3.2 hivi, upana mita 1.4, na kimo chake hakikufika kifua cha mtu mzima mrefu. Injini ya petroli ya nguvu farasi 43 ilikaa nyuma, na kwenye barabara nzuri gari lilikimbia kilomita 40 kwa saa. Chuma cha mbele kilikuwa na unene wa milimita 14 hivi, cha ubavuni milimita 8. Risasi ya kawaida haikupenya mbele. Ubavuni, risasi maalumu ya kutoboa chuma ikipigwa kwa karibu ilikuwa hatari halisi.

Sasa wafikirie wale wawili waliomo ndani. Dereva yuko kulia, kamanda kushoto, bega kwa bega, injini inanguruma mgongoni na joto lake lote linawajia. Kamanda huyo huyo ndiye mpiga rashasha. Hakuna redio, kwa hiyo akitaka kuwaambia wenzake wa gari la pili jambo lolote, ni kwa bendera au kwa ishara ya mkono, maana yake afungue mfuniko na kutoa kichwa nje. Akiufunga, anaona kupitia vipenyo vyembamba tu.

Na sasa jambo lililoamua mengi: L3 haikuwa na mnara unaozunguka. Rashasha zake mbili zilipachikwa kwenye chuma cha mbele, upande wa kushoto, na zingeweza kugeuka nyuzi chache tu kushoto na kulia, jumla yake 24 hivi. Mduara una nyuzi 360. Ukisimama nje ya kile kipande kidogo cha mbele, bunduki haikufikii mpaka dereva ageuze gari zima. Na gari la minyororo haligeuki popote tu. Kwenye mawe makubwa, kwenye korongo au kati ya miti, kugeuza ni kujitakia kukwama au kuchomoka kwa mnyororo.

Waliobuni chombo hiki walikiwazia vita vya milima ya Alps na kazi ya upelelezi, wakijua askari wa miguu wangekuwa kandokando yake. Kwa sharti hilo, haikuwa mashine ya kipumbavu. Sharti likivunjika, watu wawili wa ndani wamebaki ndani ya sanduku lisiloona nyuma.

Tarehe 15 Desemba sharti lilivunjika. Watu wa Ras Imru, binamu wa Mfalme Haile Selassie, walivuka mto Tekeze alfajiri kwenye vivuko zaidi ya kimoja. Upande wa Italia kulikuwa na Meja Criniti na askari wapatao 1,000 wa Eritrea, iliyokuwa koloni la Italia, pamoja na vifaru vya L3. Alipotambua kwamba wanaomkabili ni wengi, Criniti alirudi nyuma kuelekea njia ya Dembeguina, akakuta Waethiopia wengine wamekwisha kushika vilele. Akaamua kutoboa, vifaru vikitangulia.

Mwanzoni vilitisha. Mtu ambaye hajawahi kukutana na kifaru akisikia ule mngurumo na kuona risasi zake zinadunda, kurudi nyuma ni jambo la kawaida. Lakini pale palikuwa na mawe, mteremko na nafasi finyu. Vifaru vilipunguza mwendo, vingine vikakwama, na askari wa Eritrea waliotakiwa kuvilinda walikuwa wamebanwa na moto wa kutoka juu. Hapo ndipo Waethiopia walipoelewa. Waliacha kusimama mbele. Walikuja kutoka nyuma na ubavuni, mahali ambapo rashasha hazifiki, wakaviparamia, wakavizuia kwa mawe, wakavipindua na kuvichoma moto. Waliojaribu kutoka waliuawa. Criniti alijeruhiwa, na karibu nusu ya kikosi chake kiliangamia.

Huo ndio uamuzi ninaoutaka uonekane. Walikuwa katikati ya mapigano, bila mafunzo ya kupambana na vifaru, na wakatambua kwa muda mfupi kwamba mashine ina pembe moja tu ya kuua, wakaifikisha habari hiyo kwa wenzao kwa vitendo. Hii ni akili ya kivita. Wala hawakuwa peke yao. Mwezi mmoja kabla, huko Ogaden, mashariki mwa Ethiopia, wapiganaji wa kamanda Mwethiopia Fitaurari Gongol waliuvizia msafara wa Kanali Maletti wa Italia na kuviweka baadhi ya vifaru vyake vidogo nje ya vita.

Na Italia ilifanya nini? Kubuni kifaru chenye mnara kunataka miaka, hilo naelewa. Lakini mbinu ingeweza kubadilishwa kesho yake. Marshali Badoglio, aliyeongoza majeshi ya Italia, alichukua njia nyingine: mwishoni mwa Desemba hiyo hiyo, ndege zilimwaga gesi ya haradali juu ya watu wa Ras Imru kwenye eneo la Tekeze, wakati Italia ilikuwa imetia sahihi Itifaki ya Geneva ya 1925 inayokataza silaha hizo. Watu walioshinda vifaru kwa kuvikaribia hawakuwa na la kufanya mbele ya kitu kinachoanguka kutoka angani na kuunguza ngozi. Addis Ababa ilitekwa tarehe 5 Mei 1936. Kwa kuwa Italia ilishinda vita, aibu ya Dembeguina ilizikwa chini ya sherehe, na L3 ikaendelea kutoka kiwandani. Kwa jumla zilitengenezwa zaidi ya 2,000, na nyingine ziliuzwa China, Hungaria, Austria na kwingineko.

Somo lilirudi Hispania, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, mara hii kwa mizinga. Machi 1937, kwenye mapigano ya Guadalajara, L3 za Waitaliano waliomsaidia Franco zilikutana na T-26 za Kisovieti. T-26 ilikuwa na mnara na mzinga wa milimita 45. L3 ilikuwa na rashasha zisizoweza hata kuikwangua. Barabara zilijaa matope, na gari lililosifiwa kwa kasi halikuwa na pa kukimbilia.

Hata hivyo, Italia ilipoingia Vita Kuu ya Pili tarehe 10 Juni 1940, vifaru vyake vingi vilikuwa bado ni L3. Siku sita tu baadaye, karibu na mpaka wa Libya na Misri, msafara uliokuwa na vifaru hivyo uliangamizwa na magari ya deraya na vifaru vya Uingereza kwenye jangwa la wazi.

Huku kwetu, jeshi la Italia la Afrika Mashariki lilianza vita likiwa na vifaru 39 vya L3 na vifaru 24 vya aina kubwa zaidi, M11/39, kwa eneo lote la Ethiopia, Eritrea na Somalia. Mafuta na vipuri havikuweza kufika, kwa kuwa Mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa Waingereza. Majeshi yaliyotoka Kenya, wakiwemo vijana wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, yalipita Kismayu na Mogadishu mwezi Februari 1941, na Addis Ababa ikakombolewa tarehe 6 Aprili. Kufikia wakati huo askari wa miguu wa upande wa Uingereza walikuwa na bunduki ya kutoboa vifaru iitwayo Boys, ambayo mtu mmoja angeweza kulala chini na kuipiga, na risasi yake ilipenya chuma cha L3 hata mbele. Wale wa Dembeguina walilazimika kupanda juu ya kifaru kwa miguu yao ili wafanye kazi hiyo hiyo.