Kabla ya kisu, tuambie unameza nini

Mzee wa Pangani aliketi mbele yangu, kesho yake afanyiwe upasuaji wa tezi dume. Nikamuuliza, "Mzee wangu, unatumia dawa gani?" "Hakuna, mwanangu." Bintiye akafungua mkoba, akatoa bahasha ndogo ya aspirini, kidonge kimoja kila siku kwa ajili ya moyo, na chupa ya mizizi iliyochemshwa. Kwa mzee, hizo hazikuwa dawa. Alidhani naulizia dawa za tezi.

Sisi tunaotoa dawa ya usingizi na ganzi hapa Tanga jibu hilo tunalisikia mno, na linatutia hofu. Aspirini huzuia chembe sahani za damu zisishikamane kuziba jeraha, na nguvu yake hubaki mwilini siku 7 hadi 10. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida huachwa siku 5 kabla, lakini kwa maelekezo ya daktari tu: mwenye vali ya bandia moyoni akijiachia mwenyewe, damu huweza kuganda ikamletea kiharusi. Mizizi hatuna namna ya kuipima, hivyo iacheni walau wiki mbili kabla. Na anayetumia dawa za presha kama losartani au enalaprili aulize kama ameze asubuhi ya upasuaji, maana huweza kushusha presha akishalala.

Kina mama wa upasuaji wa uzazi wana hatari yao. Ganzi ya mgongo hulegeza mishipa, damu ikatuama miguuni, presha ikashuka ndani ya dakika chache. Mimba nayo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ndiyo maana tunakuinamisha kidogo upande wa kushoto, dripu ikienda na dawa ya kupandisha presha ikiwa tayari. Ukihisi kichefuchefu au kizunguzungu, sema papo hapo. Usituonee haya.

Wingi wa damu upimwe mapema. Mjamzito aliye chini ya gramu 11 za himoglobini kwa desilita ya damu ana upungufu, na vidonge vya madini chuma vinahitaji wiki kadhaa kufanya kazi. Tukitarajia mtu mzima kupoteza zaidi ya mililita 500, tunaweka njia mbili za dripu na damu iwe tayari. Hata blanketi lina kazi: mwili ukipoa, damu haigandi vizuri.

Upasuaji wa yule mzee tuliusogeza mbele, tukazungumza kwanza na daktari wake wa moyo. Aliporudi, hata sijauliza, bahasha ilikuwa mezani.