Je, wajua kwa nini wanasihi wapya humficha mambo supavaiza wao?

Mwaka 1996 huko Marekani, Nicholas Ladany na wenzake waliwauliza wanagenzi 108 wa tiba ya maongezi, yaani watu walio bado mafunzoni, kuhusu mambo ambayo hawamwambii supavaiza wao, yule mtu mzoefu anayesimamia kazi yao. Asilimia 97 walikuwa na kitu walichoficha, yaani karibu wote. Na walivyoficha vilikuwa vizito: makosa waliyofanya na mteja, mambo yao binafsi, hofu ya kupewa alama mbaya, na zaidi ya yote jinsi wanavyomwona supavaiza mwenyewe.

Sasa hapo ndo swali linapoanza, maana supavisheni iliwekwa kusudi ili hivo vitu visemwe. Mnasihi anakaa na mteja peke yake, mlango umefungwa, hakuna mwingine anayeona kinachoendelea, kwa hiyo baadaye anakaa na mtu mzoefu zaidi anamsimulia kikao kilivyokwenda, wanakipitia pamoja, wapi alisikia vizuri, wapi aliharakisha, mteja yuko salama au kuna hatari ya kujidhuru, na yeye mnasihi anabeba nini moyoni anapoenda nyumbani. Utaratibu huu ni wa zamani kidogo. Kliniki ya uchambuzi wa nafsi ya Berlin iliyofunguliwa 1920 chini ya Max Eitingon na wenzake ndiyo iliyoufanya kuwa sehemu rasmi ya mafunzo, kwamba hutoki kuwa mchambuzi wa nafsi mpaka uwe umetibu watu chini ya jicho la mwingine. Miaka ya 40 mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers akaleta kitu kingine, akarekodi vikao kwa mashine, na kitabu chake cha 1942 kina kesi nzima iliyoandikwa neno kwa neno toka kwenye rekodi. Ikawa inawezekana kusikia kilichosemwa kweli badala ya kutegemea kumbukumbu ya mwanagenzi.

Brigid Proctor wa Uingereza alikuja kusema kwamba supavisheni ina kazi tatu: kumfundisha mnasihi, kulinda viwango ili mteja asiumizwe, na kumpa mnasihi mwenyewe nguvu ya kuendelea. Ni maelezo mazuri na bado yanatumika mpaka leo. Ila ukiyaangalia kwa makini unaona tatizo lilipokaa. Mtu yuleyule unayetakiwa kumfungulia moyo ndiye anayejaza fomu ya kusema unafaa au hufai. California kwa mfano, anayetaka leseni ya tiba ya ndoa na familia anatakiwa afikishe saa 3,000 za kazi chini ya supavisheni, kwa muda usiopungua wiki 104. Hiyo ni miaka miwili ya maisha yako inayosubiri saini ya mtu. Kwingine sheria ni nyingine lakini saini ni ileile. Na mara nyingi saa hizo hulipwi vizuri au hulipwi kabisa, kwa hiyo aliyefika pale kwa mkopo, au ambaye ndugu zake wanamsubiri amalize aanze kusaidia, hana nafasi ya kugombana na supavaiza na kuanza upya sehemu nyingine.

Hofu hiyo kila mwanagenzi anayo. Sasa mchukue mwanagenzi anayetoka kwenye kundi ambalo jamii imelisukuma pembeni: mtu mweusi kwenye taasisi ya wazungu, mkimbizi, mwenye ulemavu, mtu wa kabila au dini inayodharauliwa, shoga au mtu aliyebadili jinsia, mtoto wa familia ambayo hakuna hata mmoja aliyefika chuo. Huyu akikosea hahesabiwi kama mtu mmoja aliyekosea. Ameshaona toka shule ya msingi kwamba kosa lake linachukuliwa kama ushahidi kuhusu watu wake wote, na kwamba mwenzake akikosea hivohivo anaambiwa bado anajifunza. Kwa hiyo anapoambiwa "hapa ni mahali salama, sema chochote" anapiga hesabu haraka sana kichwani, na hesabu yake haijakosewa hata kidogo, imetokana na mambo aliyoyaona.

Mwaka 2007 Madonna Constantine na Derald Wing Sue walichapisha utafiti uliotokana na mazungumzo na wanagenzi weusi 10 wa ngazi ya udaktari waliokuwa na supavaiza mzungu. Ni watu wachache, ila walichosimulia kinalingana sana na kile wanasihi wa makundi mengine wanakisema. Wakileta suala la rangi linapuuzwa au linageuzwa kuwa kitu kingine. Supavaiza anakuwa na mawazo yake tayari kuhusu wateja weusi, na kuhusu mwanagenzi mwenyewe pia. Mteja anayeteseka kwa ubaguzi analaumiwa yeye kwa hali yake. Anapendekezewa tiba isiyoendana na maisha yake. Kuna waliosema supavaiza alikuwa anaona udhaifu wao tu, na kuna waliosema kinyume chake kabisa, kwamba supavaiza aliogopa kuwaambia kosa lolote asije akaonekana mbaguzi.

Hili la mwisho naomba tukae nalo, maana ndilo linalopita bila kuonekana na kwa maoni yangu ndilo linaloharibu zaidi. Tusi linasikika, unalijua, unaweza hata kulishtaki. Lakini supavaiza mpole anayekuambia kila wiki "umefanya vizuri, endelea hivohivo" huwezi kumlalamikia. Mwenzako wa meza ya pili anaambiwa "pale mteja alipotaja mama yake ulikimbilia kumpa ushauri, hebu tusikilize tena hapo, uliogopa nini?" na kwa swali hilo anakua. Wewe unapewa sifa, miaka miwili inaisha, unapata saini, na unatoka na mikono mitupu. Halafu siku moja unakaa na mtu aliyeamua kufa na unagundua hakuna aliyewahi kukufundisha ukae naye vipi. Kumnyima mtu ukosoaji ni kumnyima elimu aliyoifuata, na anayeumia mwishoni ni mteja, ambaye mara nyingi naye anatoka kwenye jamii ileile.

Kuna na yale yanayotokea ndani ya chumba cha mteja, ambayo vitabu vingi vya mafunzo havikuyafikiria kwa sababu viliandikwa na watu ambao hayajawahi kuwapata. Mteja anaingia, anamwangalia mnasihi, anauliza kama kuna mwingine. Au anasema kabisa neno la kumdhalilisha, halafu kikao kinaendelea. Mnasihi anafanya nini pale? Amtibu kwanza au ajitetee kwanza? Kitaalamu tusi la mteja ni taarifa, linaonyesha anavyoogopa, anavyowachukulia watu wengine, inabidi lieleweke. Lakini palepale ni jeraha kwa binadamu aliyelipokea. Supavaiza anayekimbilia upande wa kwanza tu, "hebu tuone lina maana gani kwa mteja", anamfundisha mwanagenzi kwamba kuumia kwake sio sehemu ya kazi, na mwanagenzi anajifunza haraka, wiki ijayo halileti tena. Supavaiza mzuri anaanza na "pole, hilo halikutakiwa likupate", ananyamaza kidogo, anamwacha aseme alivyojisikia, ndipo wanarudi kwa mteja, wanapanga na maneno kabisa, ikitokea tena utajibu nini, na ni wakati gani unaruhusiwa kusimamisha kikao. Ruhusa hiyo inatakiwa itolewe mapema, mtu asilazimike kuiomba akiwa tayari ameumizwa.

Kinyume chake pia kipo. Mteja ni wa kwenu, amepitia ulichopitia wewe, anasimulia na wewe unajua mwisho wa sentensi kabla hajaimaliza. Hapo kuna utajiri mkubwa, mteja anapumua kwa sababu kwa mara ya kwanza haelezi kila kitu toka mwanzo, ila kuna na hatari ya kudhani unajua wakati hujui, ukaacha kuuliza maswali ambayo ungemuuliza mgeni. Halafu ofisi ikishaona unaelewana na watu wa kwenu inaanza kukupa wote, kesi nzito zote za kiwewe cha vita, cha kubakwa, cha kufukuzwa nyumbani, zinajaa kwako, na wewe mwenyewe hayo unayabeba tayari. Inaitwa heshima lakini ni mzigo usiopimwa. Supavaiza anatakiwa awe anahesabu: kesi ngapi, nzito kiasi gani, na nani ameamua ziende kwa huyu mmoja.

Na lugha. Mnasihi anaongea na mteja kwa lugha yao ya nyumbani, supavisheni inafanyika kwa lugha nyingine. Rekodi ipo lakini supavaiza haisikii, anasubiri atafsiriwe. Mwanagenzi anatafsiri muhtasari, na kwenye muhtasari vinapotea vile vitu ambavyo kikao chote kilivitegemea, mteja alipobadili namna ya kumwita, alipotumia fumbo badala ya kusema moja kwa moja, aliponyamaza kwa heshima na sio kwa hasira. Matokeo yake supavaiza anasimamia kikao alichokiona nusu, na mnasihi anabaki peke yake na ile nusu nyingine. Suluhisho lake linajulikana, tafuteni mtu wa pili anayeijua lugha hiyo asikilize hata kikao kimoja kimoja, au mnasihi aandike dakika tano tu neno kwa neno kwa lugha yenyewe halafu aeleze mstari kwa mstari. Inachosha, ndio, ila bila hivo hamsimamii chochote.

Mtu anaweza kuuliza, sasa kama mnasihi ameamua kunyamaza si shida yake na supavaiza wake, mteja inamhusu nini? Inamhusu sana. Mwaka 1955 Harold Searles, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya wagonjwa wa akili ya Chestnut Lodge, Maryland, Marekani, aliandika kwamba yanayotokea kati ya mteja na tabibu mara nyingi yanajirudia kati ya tabibu na supavaiza wake bila wao kujua. Tabibu anakuja amechanganyikiwa vilevile kama mteja alivyochanganyikiwa. Waliokuja baada yake wakaonyesha kwamba inapita na njia ya kurudi pia, kutoka juu kwenda chini. Mwanagenzi aliyezoea kwamba suala la rangi, dini au umaskini wake haliguswi kwenye supavisheni, naye haligusi kwa mteja. Mteja anatupa neno moja la kujaribu, "kule kazini wananiangalia vibaya sisi watu wa kule", mnasihi analipita, anaendelea na usingizi na hamu ya chakula, na mteja ameshajibiwa.

Kwa hiyo nani aanze? Nasema bila kusita, supavaiza. Mwenye kalamu ya kusaini ndiye afungue mlango, kwenye kikao cha kwanza kabisa kabla hakijaharibika kitu, na asifungue kwa maneno ya jumla. Aseme yeye ni nani, ametoka wapi, vitu gani kuhusu maisha ya mwanagenzi havijui, atamtathmini kwa vigezo gani na lini, na mwanagenzi akiona amekosewa aende kwa nani zaidi yake. Melanie Tervalon na Jann Murray-García waliandika 1998, wakiwa wanazungumzia mafunzo ya madaktari, kwamba kujua tamaduni za watu sio somo unalolimaliza ukapewa cheti, ni unyenyekevu wa kujichunguza maisha yako yote na kukubali kwamba una mamlaka juu ya mwingine. Supavaiza hatakiwi awe bingwa wa jamii ya mwanagenzi wake. Na tafadhali asimgeuze mwanagenzi kuwa mwalimu wake wa bure wa jamii hiyo, maana saa ile moja ya wiki ni ya mwanagenzi kujifunza.

Pale inapowezekana, tathmini ifanywe na mtu tofauti na anayesikiliza siri za kazi. Vyuo vingi vitasema hakuna watu wa kutosha, sawa, basi angalau vigezo viandikwe na mwanagenzi avione toka siku ya kwanza. Kikundi cha wanasihi wenzake wa kwao nacho kinasaidia sana, mtu anagundua kumbe lile jambo halikumpata yeye tu, ila kikundi hakiwezi kuchukua nafasi ya supavaiza anayebeba dhamana ya kesi.

Na wewe unayeanza, ambaye supavaiza wako hajafungua mlango wowote, jaribu na kitu kidogo kwanza, sio kidonda chako kikubwa. Mletee sehemu ya rekodi uliyoona umekosea na mwombe akuambie kosa hasa ni lipi na angefanya nini yeye. Akikujibu kwa undani una wa kufanya naye kazi. Akikusifu tu, rudia, sema unataka kukosolewa. Na kama ni yule anayekudharau wewe au wateja wa kwenu, andika tarehe na maneno aliyoyasema, ila jina la mteja usiliweke humo, halafu omba kwa anayeratibu mafunzo upewe supavaiza wa pili mapema, kabla fomu ya tathmini haijajazwa, kwa sababu ikishajazwa malalamiko yako yatasomwa kama hasira za mtu aliyefelishwa hata kama kila neno ni kweli.