Kwa nini majani ya kijani hayatoi rangi ya kijani?

Jaza sufuria majani mabichi, yale ya chanikiwiti kabisa, mimina maji, chemsha saa nzima, kisha tumbukiza kitambaa cheupe. Utasubiri kijani. Kitakachotoka ni manjano yaliyofifia, au kahawia ya chai, au rangi isiyo na jina. Wengi wanaojaribu kutia nguo rangi kwa mimea hukwama hapa siku ya kwanza, wakadhani wamechuma majani yasiyofaa. Majani hayana kosa.

Kijani cha jani ni klorofili, nayo haiyeyuki majini. Hata ile kidogo inayotoka huharibiwa na moto: molekuli yake hupoteza magnesi iliyo katikati, ikageuka rangi ya zeituni iliyochakaa, kama mboga iliyosahauliwa jikoni. Na ikifika kwenye kitambaa, jua huimaliza. (Doa la nyasi kwenye suruali ni ukaidi wa namna nyingine: pale jani limesuguliwa kwa nguvu hadi ndani ya uzi.) Kinachobaki sufuriani ni rangi zilizokuwa zimejificha nyuma ya kijani: flavonoidi, ambazo ni za manjano, na tanini, ambazo huelekea kahawia.

Ndiyo maana macho ni mshauri mbaya wa mtia rangi. Nyekundu iliyothaminiwa kwa karne nyingi ilitoka kwenye mizizi ya Rubia tinctorum, mmea ambao juu ya ardhi usingeutazama mara mbili. Maganda makavu ya vitunguu, takataka tupu, hutoa rangi ya dhahabu hadi ya chungwa. Biti nayo, inayochafua mikono na ubao wa kukatia, huacha waridi la kupendeza linalokwisha baada ya kufuliwa mara chache.

Kazi kubwa, basi, ni kuifanya rangi ikae, na hapo ndipo shabu inapoingia, lile jiwe jeupe linalotumika pia kutakasia maji. Alumini iliyomo hushika uzi kwa mkono mmoja na molekuli ya rangi kwa mkono wa pili. Kwa sufu, gramu 10 hadi 15 za shabu hutosha gramu 100 za uzi mkavu: uzi huoshwa kwanza utoke mafuta, kisha huachwa kwenye maji ya shabu juu ya moto mdogo kwa muda wa saa moja hivi. Pamba ni mkaidi zaidi, haishiki shabu kirahisi, kwa hiyo hutangulizwa kwenye tanini, kwa mfano maji ya maganda ya komamanga.

Ukiweka chuma mahali pa shabu, mambo hubadilika: manjano yaleyale huzama na kuwa kijani cha zeituni. Ni kijani, lakini cha huzuni, na chuma kikizidi sufu hukakamaa na kudhoofika.

Kijani chenye uhai kinapitia kwenye nili, rangi ya bluu itokayo kwenye majani. Majani ya mnili ni ya kijani kama mengine, na ndani yake hamna bluu yoyote, bali indikani, kitu kisicho na rangi. Majani yakilowekwa, vimeng'enya huivunja, na hewa ikigusa kilichozaliwa, bluu hutokea. Tatizo ni kwamba bluu hiyo haiyeyuki majini. Mafundi wa kale waliichachusha ndani ya maji ya majivu au magadi hadi oksijeni ya majini ikaisha, nayo ikabadilika na kuyeyuka, ikiwa na rangi ya manjano-kijani. Kitambaa hutoka mtungini kikiwa cha kijani kabisa, na anayeona mara ya kwanza hudhani ameshinda. Dakika chache hewani, kijani kinamponyoka na kuwa bluu. Nili haihitaji shabu, kwa kuwa hurudi kuwa kitu kisichoyeyuka ikiwa tayari imo ndani ya uzi. Huko Huaca Prieta, Peru, vimepatikana vipande vya pamba vilivyotiwa nili miaka 6,000 hivi iliyopita.

Sasa kijani kinatengenezwa: uzi wa bluu huchovywa kwenye manjano. Huko Ulaya bluu ilitoka kwa Isatis tinctoria, mmea wenye nili ileile, na manjano kwa mmea mwingine, Reseda luteola. Lakini rangi hizo mbili hazizeeki pamoja. Ukiingia kwenye jumba la makumbusho lenye mazulia ya ukutani ya karne ya 16, utakuta misitu yenye miti ya bluu. Wafumaji waliifuma ikiwa ya kijani. Mwanga umekula manjano, nili imebaki.